Uingereza: Shirika SACU lafahamisha wakaaji mila za Wachina tangu 1965

Huko Uingereza, shirika la raia liitwalo Society for Anglo-Chinese Understanding, ao SACU, linafanya kazi ya kufahamisha wakaaji wa inchi hiyo mila na maisha ya Wachina. Lilianzishwa mwaka wa 1965.

Kiongozi wake wa kwanza alikuwa Joseph Needham, mwanasayansi wa chuo kikuu cha Cambridge. Mwaka wa 1937, watafiti vijana kutoka China walifika Cambridge. Mmoja wao, Lu Gwei-Djen, alimfundisha Kichina. Kuanzia 1943 hadi 1946, Needham aliishi China akisaidia wanasayansi wa huko wakati wa vita. Mwaka wa 1954 alitoa kitabu cha kwanza cha mfululizo Science and Civilisation in China, unaoonyesha kwamba karatasi, baruti na dira vilitoka kwa Wachina.

SACU ilizaliwa katikati ya ugomvi. China na Umoja wa Kisovieti zilikuwa zimekosana, na shirika la urafiki lililokuwako mbele lilifuata Wakomunisti wa Uingereza, walioegemea upande wa Moscow. Waliotaka urafiki na Wachina uendelee walitoka, wakaunda shirika lao.

Kisha, Mapinduzi ya Utamaduni ya 1966 yakafunga milango ya China kwa wageni wengi. Hata hivyo, katika miaka ya 1970, SACU ilipanga safari za vikundi kule na kutoa gazeti China Now. Raia wa kawaida wakaanza kujionea wenyewe, bila kungojea habari za wakubwa peke yake.