Kipima unyevu na kuta za Mji wa Kale

Zipo nyumba katika Mji wa Kale wa Mombasa ambazo kuta zake za matumbawe na chokaa zimesimama kwa vizazi kadhaa bila ya kupakwa hata konzi moja ya saruji. Leo nyumba kama hizo zaweza kuhukumiwa kwa dakika moja na kifaa kinachoenea kiganjani. Fundi hukichomeka ukutani, namba kubwa hutokea, naye hutamka kwamba ukuta umejaa maji. Sharti chokaa ibanduliwe na ipigwe lipu ya saruji. Nimeishuhudia hukumu hiyo ikitolewa nyumbani kwa shangazi yangu, na kwa kuwa gharama yake si haba, naona ni haki ya mwenye nyumba kujua kifaa hicho husema nini hasa.

Kipima unyevu cha aina hiyo kina sindano mbili za chuma. Hakipimi maji yenyewe, bali hupima jinsi umeme mdogo unavyopita kati ya sindano hizo. Kiliundwa kwa ajili ya mbao. Mbao kavu huuzuia umeme, mbao mbichi huupitisha, na kati ya asilimia 6 hivi na 30 kipimo chake huaminika, mradi aina ya mti izingatiwe. Kikichomekwa kwenye tumbawe, asilimia inayosomeka hubaki kuwa ya mbao, wala haifai ila kwa kulinganisha sehemu moja ya ukuta na nyingine.

Isitoshe, pwani kuna chumvi. Upepo wa bahari huileta, na maji yapandayo kutoka ardhini huiacha ukutani. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, na ikiloa kidogo tu hupitisha umeme kwa wepesi mno. Hivyo ukuta wenye maji machache waweza kusomeka kana kwamba umeopolewa baharini jana!

Ubaya umo katika dawa inayofuata. Chokaa hupumua, unyevu uingiao hupata pa kutokea. Saruji huufungia ndani, nao hupanda juu hadi kufikia vichwa vya boriti za mikoko vilivyozikwa ukutani, na boriti ndizo zibebazo sakafu ya ghorofa na wote walalao juu yake. Mbao zilizo chini ya asilimia 20 kwa kawaida hazishikwi na kuvu. Zikizidi hapo kwa muda mrefu, huoza.

Basi kifaa kichomekwe kwenye boriti, karibu na ukuta, wakati wa kiangazi na tena baada ya masika. Anayetaka kuujua ukuta wenyewe autoboe, atoe unga wa ndani, aupime uzito, aukaushe, aupime tena; uzito uliopungua ndio maji. Na kabla ya yote hayo apande juu ya paa autazame mfereji, kisha ashuke alitazame bomba la bafuni.