Breki mpya, kelele mpya: usiongeze sauti ya redio!

Kuna ugonjwa umeingia hapa mjini, nao hauchagui mwenye gari la kazi wala mwenye gari la kutanulia wikiendi. Mtu anapeleka gari gereji, anabadilishiwa breki za mbele, analipa, anatoka kifua mbele. Hajafika hata taa za kwanza za barabarani anasikia krrrrr kutoka tairi la mbele, kama mtu anasaga mchanga kwenye kinu. Unadhani anafanya nini? Anaongeza redio! Anapandisha vioo, anabonyeza muziki mpaka spika zinalia, safari inaendelea. Jamani, hiyo si dawa.

Msomaji wangu, mimi si fundi wa cheti. Nimemaliza kidato cha nne, vyeti vyangu vimelala kabatini, na kijiwe changu cha jioni ni gereji moja ya mtaani kwetu hapa Dar es Salaam. Nimekaa pale kwenye tairi bovu miaka mingi, nashika tochi, napokea nati, nasikiliza. Na jambo nililoliona mara nyingi kuliko yote ni hili la watu kununua spea juu ya spea kwa sababu hakuna aliyeuliza swali moja dogo: inalia lini?

Tuanze na chenyewe kinachofanya kazi. Magari mengi madogo yanayokuja kutoka Japani, breki zake za mbele ni za diski. Diski ni ile sahani ya chuma inayozunguka pamoja na tairi. Pembeni yake imekaa kalipa, kile kikamatio cha chuma, na ndani ya kalipa kuna pedi mbili (dada zangu msinicheke, ndilo jina lake), moja upande wa ndani na nyingine upande wa nje. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki yanasukuma pistoni, pistoni inasukuma pedi, pedi zinabana diski kama sandwichi. Gari linasimama. Basi, hakuna uchawi.

Sasa sauti zenyewe si moja. Kuna mluzi, ule mwembamba kama filimbi ya trafiki, na kuna kusaga, yaani mkwaruzo mzito wa chuma. Mluzi mara nyingi ni kero. Kusaga ni barua ya onyo. Usizichanganye hizo mbili unapomweleza fundi, maana ukisema tu "inalia lia bwana", na yeye atakupa jibu la "itazoea zoea bosi".

Na kweli ipo inayozoea, nisimwonee fundi. Pedi mpya na diski havijafahamiana bado. Kwa kilomita 200 hadi 300 za mwanzo unaweza kusikia msuguano mwepesi, hasa kama diski ni ya zamani na imeshafanya mdomo, ule ukingo mwembamba wa kutu kwenye duara la nje. Lakini sauti ya kuzoeana ni ndogo na kila siku inapungua. Ikizidi badala ya kupungua, hiyo si ya kuzoea.

Haya, tafuta barabara tulivu yenye ukuta pembeni, maana ukuta unarudisha sauti. Zima redio, shusha vioo vyote, nenda taratibu kilomita 30 kwa saa, uwe na mtu wa kukusaidia kusikiliza. Halafu jibu maswali haya.

INALIA HATA USIPOKANYAGA?

Kama mkwaruzo upo muda wote, tena unaenda kwa mapigo ya tairi linavyozunguka, mshukiwa namba moja ni lile bati jembamba lililokaa nyuma ya diski kuzuia matope. Bati hilo ni laini, fundi akiliegemea kidogo tu linapinda na kugusa diski. Linatoa kelele ya kutisha utadhani gari linakatika vipande, kumbe tiba yake ni kulivuta kwa bisibisi milimita chache tu. Kokoto nayo huweza kujibana hapo kati ya bati na diski. Wakati mwingine ukirudi rivasi taratibu inadondoka yenyewe.

Lakini kama pamoja na mkwaruzo unaona gari zito, na ukisimama tairi moja lina moto kuliko wenzake, hapo kalipa haiachii. Aidha pistoni imeganda, au zile pini ambazo kalipa inatelezea juu yake zimekauka. Pini hizo zinataka kusafishwa na kupakwa grisi maalum ya breki inayovumilia joto, si grisi yoyote ya kopo. Wengi hubadilisha pedi tu na pini hawazigusi kabisa. Matokeo yake pedi moja inaisha mapema, mwenzake bado mpya. Na usiguse rimu kwa kiganja kupima joto, utaacha ngozi pale. Sogeza mkono karibu tu, utajua.

INASAGA UKIKANYAGA TU?

Hapo shughuli iko kati ya pedi na diski. Huenda diski ina mifereji, na pedi mpya iliyonyooka inapanda juu ya matuta. Huenda pedi si saizi yake, inagusa ule mdomo wa kutu. Huenda vile vibanio vidogo vya chuma vinavyoshika pedi havikurudishwa, vimebaki kwenye sinia la fundi. Pedi nyingine zina kiulimi cha chuma cha kukuonya zikiisha. Kikipinda au pedi ikiwekwa mahali pa mwenzake, kiulimi kinagusa diski tangu siku ya kwanza.

Na lipo moja ambalo ukilisema kijiweni watu wanacheka, lakini lipo: pedi kugeuzwa! Yaani mgongo wa chuma ndio unatazama diski, na ile sehemu ya kusugua inatazama pistoni.

Jamaa yangu mmoja lilimkuta. Anaendesha kigari kidogo cha abiria, si chake, ni cha tajiri, na kila jioni hesabu lazima isome. Alibadilishiwa pedi mahali fulani, ikaanza kusaga palepale. Akaambiwa, "Braza, pedi mpya ndivyo zilivyo, endesha tu." Siku ya tatu akaona akikanyaga breki gari linavuta kulia. Akaenda kwa fundi wa pili, huyo akamwandikia diski mbili na beringi mbili. Mkwanja wa hivyo vitu ni hesabu ya siku ngapi sijui! Ndipo akaja kijiweni kwetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Inalia lini?"

"Nikikanyaga tu mzee."

"Ukiachia?"

"Kimya."

"Basi beringi za watu ziache zilivyo. Linavuta kulia, maana yake kushoto hakushiki. Fungua kushoto."

Tukafungua. Pedi ya nje safi kabisa, inang'aa. Ya ndani imegeuzwa. Chuma kwa chuma kwa siku tatu, diski upande ule imechimbwa mifereji unaweza kuingiza ukucha. Mzee akaipima unene, ikawa imeshuka chini ya kiwango kilichogongwa kwenye diski yenyewe. Haikufaa hata kukerezwa, ikatupwa. Ikabidi anunue diski za mbele zote mbili, maana breki hubadilishwa kwa jozi, na seti nyingine ya pedi. Beringi hakugusa. Siku mbili za hesabu zikapotea na tajiri akanuna.

Kilichonikaa mimi si hela. Asubuhi ile ile jamaa alikuwa amempeleka mama mjamzito kliniki, katikati ya daladala na bodaboda, na breki zake za mbele upande mmoja ulikuwa hauko kazini. Yule mama alisikia kelele, akauliza, akajibiwa pedi ni mpya.

Jambo la kushika hapo ni hili: ukichungulia katikati ya matundu ya rimu unaona pedi ya nje peke yake. Ya ndani huioni mpaka tairi litoke. Fundi akikuambia "nimeangalia iko poa" na tairi bado limefungwa, basi ameangalia nusu.

INAUNGURUMA UKIKATA KONA?

Hiyo huenda wala si breki. Beringi ya tairi iliyochoka inanguruma kama ndege ya mbali, inapanda na mwendo, na inabadilika ukipinda kushoto au kulia kwa sababu uzito wa gari unahamia upande mmoja. Kukanyaga breki hakuibadilishi sana. Imetokea tu kwamba umeanza kutega sikio baada ya kubadilisha pedi.

Na ukisikia "krrr" inayoambatana na pedali kupiga mguu wakati wa breki ya ghafla, huenda ni ABS inafanya kazi yake ya kuzuia matairi yasijifunge. Hiyo ni kawaida. Si kawaida ikifanya hivyo ukiwa unasimama polepole, na taa yake kwenye dashibodi inawaka. Hapo waya wa sensa umeguswa wakati wa kazi, au sensa imejaa uchafu.

Kelele hizi zina umri kuliko babu zetu. Mwingereza Frederick Lanchester alisajili ubunifu wa breki za diski mwaka 1902, akatumia pedi za shaba, na zilipiga kelele isiyovumilika. Mwingereza mwenzake, Herbert Frood, ambaye jina lake ndilo lililozaa Ferodo, akaweka kitambaa cha asbestosi badala ya shaba na kelele zikatulia. Sifa za diski zikaenea hasa mwaka 1953, Jaguar iliposhinda mashindano ya Le Mans kule Ufaransa ikiwa na breki hizo. Asbestosi nayo ikaja kujulikana kwamba inaleta kansa ya mapafu, Uingereza ikaipiga marufuku mwaka 1999. Kwa hiyo vijana wa gereji, acheni kupuliza vumbi la breki kwa mdomo au pampu ya upepo. Hujui pedi iliyotoka ilitengenezwa kwa nini. Lowesha, futa kwa tambara.

SIKU YA KUBADILISHA, SIMAMA PALE PALE

Usiende kunywa soda. Angalia diski ikipimwa, kiwango cha chini kabisa kimegongwa kwenye chuma chenyewe, maandishi madogo yanayoanza na MIN. Diski ikiwa mpya, hakikisha yale mafuta ya kuzuia kutu yamefutwa na kutu ya kwenye habu imesuguliwa kwa brashi ya waya, la sivyo diski itakaa mshazari na itayumba. Vibanio virudi vyote. Pini zipate grisi. Boliti za kalipa zikazwe sawasawa, maana kalipa ikilegea ikagonga rimu, hiyo ni habari ya ukurasa wa kwanza, si ya ukurasa huu. Na kabla gari halijasogea hata hatua moja, pedali ipigwe mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Pistoni zimesukumwa nyuma, mguu wa kwanza utazama bure, na mbele yako kuna ukuta au mtoto wa jirani.

Ukitoka, usifunge breki kwa fujo siku za mwanzo. Tafuta barabara isiyo na watu, ongeza mwendo kiasi, punguza taratibu bila kusimama kabisa, acha ipoe, rudia mara kumi hivi. Pedi na diski vitaoana.

Lakini ukisikia kusaga kuzito, gari linavuta upande, pedali inazama, au tairi moja linatoa harufu ya kuungua, paki. Usiseme ngoja nifike Mbezi, ngoja nimalize hesabu ya leo. Na usithubutu kwenda nalo mkoani ukateremka nalo Kitonga. Mpigie fundi aje palipo gari, hata kama ni usiku, hata kama abiria wananung'unika. Watapanda lingine.

Na wewe sista unayependa kukaa kiti cha mbele, una masikio pia. Ukisikia krrrr dereva anaponyanyua mkono kwenda kwenye redio, mshike mkono huo, muulize: inalia lini? Akikosa jibu, omba ushuke.