Je, Wajua? Sekunde 12 Zinazopotea Kwenye Mataa

Mwaka 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni yao Bagamoyo. Desemba ya mwaka huohuo, nje ya Bunge la Uingereza mjini London, iliwashwa taa ya kwanza ya kuongoza magari. Magari yenyewe yalikuwa ya kukokotwa na farasi. Aliyeibuni taa hiyo, John Peake Knight, alikuwa mtu wa reli, akahamishia barabarani rangi alizozizoea kazini: nyekundu ya kusimama, kijani ya kwenda kwa tahadhari. Iliwaka kwa gesi na askari ndiye aliyeigeuza kwa mkono. Januari 1869 gesi ikavuja, taa ikalipuka, askari akaungua, na London ikakaa zaidi ya nusu karne bila kuthubutu tena. Misheni ya Bagamoyo ipo hadi leo.

Pwani yetu lakini haikuisubiri London ndipo iwe na kanuni ya nani apite kwanza. Mwingereza Richard Burton aliondoka Kaole, kusini kidogo ya Bagamoyo, mwaka 1857, na kitabu alichochapisha mwaka 1860 kinaeleza jinsi misafara ilivyopishana. Njia ya msafara ilikuwa ya mguu, wapagazi wakifuatana mmoja nyuma ya mwenzake, na mbele yao kirangozi, yaani kiongozi wa msafara. Misafara miwili ikikutana, ule wa Mwarabu ulidai njia. Ikiwa yote ni ya Wanyamwezi, ugomvi ulizuka, ila mikuki na pinde ziligeuzwa fimbo ili damu isimwagike. Na misafara yenye urafiki je? Makirangozi walisogeleana kwa madaha, wakatazamana kwa pembe ya jicho, kisha ghafla wakainama na kugonganisha vichwa kama kondoo dume. Wapagazi wakaiga, pakawa na rabsha kubwa iliyoishia kwenye vicheko. Lakini upande uliozidiwa ndio uliokaa kando, tena ukatoa kijizawadi.

Nauona mkasa huu kuwa maelezo mazuri kuliko yote niliyowahi kusoma ya kazi ya mbunifu wa makutano ya barabara. Foleni mbili zinataka kipande kimoja cha ardhi kwa wakati mmoja. Moja lazima isubiri. Leo wanaosafiri kati ya Bagamoyo na Dar es Salaam hupita Bunju, Tegeta, Mwenge na Morocco, na badala ya vichwa vya makirangozi kuna mataa. Nyuma ya mataa, pale kazi ilipofanywa vizuri, kuna programu ya kompyuta iliyoyajaribu makutano mara nyingi kabla ya nguzo ya kwanza kusimikwa.

Je, wajua programu hiyo huanzia wapi? Huanza na sekunde mbili. Taa ikiwaka kijani, dereva wa kwanza huchelewa kidogo: anashtuka, anatia gia, anaondoka. Baada ya magari matatu au manne foleni hupata mdundo wake, na kila gari huvuka mstari takribani sekunde mbili baada ya lililotangulia. Saa moja ina sekunde 3,600, basi safu moja ya magari, kama taa ingekuwa kijani saa nzima, ingepitisha magari 1,800 hivi. Hicho ndicho kipimo kikuu. Mengine yote ni kugawana hayo 1,800 kati ya pande zinazogombea.

Na katika kugawana kuna kinachopotea. Kila taa inapohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kuna sekunde za kushtuka mwanzoni, kuna za njano, kuna zile pande zote zinapokuwa nyekundu ili katikati pawe peupe. Tuseme ni sekunde 4 kwa kila zamu. Makutano yenye zamu tatu yanapoteza sekunde 12 kila mzunguko, na sekunde hizo hazimnufaishi yeyote.

Hapa ndipo anapoingia F. V. Webster wa Maabara ya Utafiti wa Barabara ya Uingereza. Mwaka 1958 alichapisha kanuni ambayo programu nyingi za mataa bado zinaitambua, na uzuri wake ni kwamba inaingia kwenye karatasi ya daftari. Chukua sekunde zinazopotea, zidisha kwa 1.5, ongeza 5. Kisha gawanya kwa sehemu ya uwezo wa makutano iliyobaki wazi. Uwezo uliotumika hupatikana hivi: kwa kila zamu, angalia safu iliyojaa zaidi. Ikipokea magari 540 kwa saa kati ya 1,800 inayoweza kuyapitisha, imetumia 0.3. Jumlisha zamu zote.

Sasa fanya hesabu kwa zile sekunde 12. Makutano yakitumika nusu ya uwezo, mzunguko unaofaa ni sekunde 46. Yakitumika 0.8, unakuwa sekunde 115. Yakifika 0.9, sekunde 230. Yakifika 0.95, sekunde 460, yaani dakika saba na ushei mtu amekaa anatazama taa ikimaliza zamu zake. Angalia jinsi namba zinavyoruka: kutoka 0.9 hadi 0.95 ni ongezeko dogo la magari, lakini mzunguko umekuwa mara mbili. Ndiyo maana mtu wa Tegeta akitoka nyumbani saa kumi na mbili kasorobo anateleza, na akichelewa dakika ishirini tu anaikuta foleni ya kukatisha tamaa. Magari hayakuongezeka mara mbili ndani ya dakika hizo. Makutano yaliishiwa nafasi ya kupumua.

Kanuni hiyohiyo inaonyesha dawa isiyohitaji saruji. Punguza zamu. Kwetu tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo anayekunja kulia ndiye anayekatiza wanaokuja mbele, na ndiye anayeomba zamu yake peke yake. Mbunifu akimtafutia njia nyingine, akabaki na zamu mbili, sekunde zinazopotea zinakuwa 8, na kwa matumizi ya 0.8 mzunguko unashuka kutoka 115 hadi 85. Kwenye njia ya mabasi ya mwendokasi ni kinyume. Mabasi hayo yanapita katikati ya barabara, kwa hiyo anayekunja kulia hawezi kuachwa ajipenyeze mwenyewe. Lazima azuiwe kwa taa yake, la sivyo atajikuta ubavuni mwa basi. Awamu ya kwanza ya mwendokasi, kilomita 20.9, ilianza kazi Mei 2016, na ya nne inafuata barabara yetu hii kutoka mjini hadi Tegeta. Kila makutano inayoyapita yanapaswa kuhesabiwa upya tangu sifuri.

Je, wajua pikipiki ni theluthi ya gari? Katika mwongozo ambao Webster na mwenzake Cobbe waliutoa mwaka 1966, gari dogo ni 1, pikipiki 0.33, lori 1.75, basi 2.25. Namba hizo zilipimwa Uingereza, ambako pikipiki ilikaa kwenye foleni kama gari na kungoja zamu. Bodaboda wa Mwenge hawafanyi hivyo. Taa ikiwa nyekundu wanapenya katikati ya magari, wanajazana mbele ya mstari, na kijani ikiwaka wanatoka wote kwa pamoja kabla dereva wa daladala hajaachia breki. Huenda wanakula nafasi ndogo kuliko theluthi, na huenda wanamchelewesha wa nyuma yao zaidi kuliko inavyodhaniwa. Hilo linajulikana kwa kupima hapahapa, kwa saa mkononi. Upande wa pili kuna malori ya saruji. Kiwanda cha Wazo kinazalisha tangu mwaka 1966, na lori lililosheheni mifuko haliondoki kwenye mataa kama gari dogo. Mhandisi atakayeiachia programu namba ilizokuja nazo kutoka Ulaya atapata picha nzuri ya mji ambao si wake.

Na daladala? Ikisimama kushusha mita ishirini mbele ya mataa, safu nzima ya kushoto inakufa wakati taa ni kijani. Kwa programu huo ni uwezo ulionyang'anywa, na wakati mwingine kusogeza kituo hatua chache mbele kunaleta nafuu kubwa kuliko kupanua barabara. Napenda sana hesabu za namna hii, kwa sababu zinamtetea abiria: zinampa kituo kinachofaa badala ya kumfukuza konda kila siku.

Watu wengi huuliza kwa nini trafiki husimama katikati na kuongoza kwa mkono hali taa zinawaka. Anayo sababu. Taa ya muda maalumu haijui kwamba lori limeharibika mbele au msafara wa kiongozi unakuja, trafiki anaona. Tena anahisi, bila kuandika chochote, kwamba kila kubadilisha upande kunapoteza sekunde, kwa hiyo anaushikilia upande mmoja kwa muda mrefu. Programu inaonyesha mahali hekima hiyo inapogeuka hasara. Tuseme upande uliozuiwa unapokea magari 9 kwa dakika katika safu moja. Ukizuiwa dakika sita, ni magari 54. Kila moja likichukua mita 7 pamoja na nafasi ya mbele yake, foleni imefika karibu mita 380. Kama makutano ya nyuma yapo ndani ya umbali huo, sasa nayo yamezibwa, na walionaswa huko hata hawaendi upande huo. Trafiki hawezi kuiona mita ya 380 kutoka aliposimama. Kwa sababu hiyo mifumo mingine huzika koili za waya chini ya lami ili zihisi gari na kuipasha taa habari.

Njano nayo ina hesabu yake. Mwaka 1960 Gazis, Herman na Maradudin wa Marekani walithibitisha kwamba njano fupi mno humtega dereva mwaminifu: hawezi kusimama kwa usalama, na hawezi kuvuka kabla ya nyekundu. Kwa kilomita 50 kwa saa, mwendo wetu wa mijini, njano inayotosha ni sekunde 3.3 hivi. Kwa kilomita 80 inahitaji zaidi ya 4.5.

Anayetembea kwa miguu huhesabiwa mita 1.2 kwa sekunde. Safu nne za mita 3.5 ni karibu sekunde 12. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo ya samaki kichwani apewe zaidi, na programu inakubali kabisa kuambiwa hivyo.

Je, wajua programu hizi zimetoka wapi? TRANSYT ya Dennis Robertson, ya miaka ya 1960, ilijaribiwa mitaani Glasgow. Yenyewe hupanga mataa yafuatane ili kundi la magari lililoachiwa na taa ya kwanza liikute ya pili ikiwa kijani. Kwa kilomita 50 kwa saa, mita 500 ni sekunde 36, basi taa ya pili icheleweshwe kiasi hicho. Sydney ilizaa SCATS, inayojirekebisha kulingana na magari yaliyopo. Karlsruhe, Ujerumani, ilitoa Vissim, ambayo humwiga dereva mmoja mmoja kwa nadharia ya Wiedemann ya mwaka 1974: dereva habadilishi mwendo mpaka atambue kwamba umbali wa mbele unapungua. Toleo la leo linaweza kuambiwa kwamba pikipiki hupenya. Kisha ipo SUMO, ya taasisi ya Ujerumani ya utafiti wa anga, iliyotoka mwaka 2001. Hiyo ni ya bure kabisa.

Na SUMO husoma ramani ya OpenStreetMap. Dar es Salaam inayo ramani hiyo kwa wingi, shukrani kwa vijana wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo na wakazi walioanza mwaka 2015 kuzunguka mitaani kuchora nyumba, mitaro na vichochoro ili mji ujikinge na mafuriko. Mitaa waliyoichora kwa ajili ya maji inaweza leo kupitishiwa magari ya kwenye kompyuta.

Kinshasa walichukua njia nyingine mwaka 2013: roboti kubwa za aluminiamu, zinazotumia nguvu ya jua, zikasimamishwa kwenye makutano kuongoza magari kwa mikono na taa vifuani. Mhandisi aliyeongoza kazi hiyo ni mwanamke, Thérèse Izay Kirongozi. Nilipoliona jina lake mara ya kwanza nilirudi moja kwa moja kwa kirangozi wa Burton.

Turudi huku kwetu, mwisho wa njia. Makofia, hapa Bagamoyo, ndipo inapochepuka barabara ya kilomita 64 kwenda Msata, ambayo wenye magari ya Tanga na Moshi huitumia kuikwepa Chalinze. Tuseme pana nafasi ya kuchagua: mataa, au kipilefti. Jina hilo la kipilefti lilizaliwa na kibao cha Kiingereza kilichomwamuru dereva ashike kushoto, na chenyewe hufanya kazi vizuri magari yakiwa ya wastani na pande zote zikikaribiana kwa wingi. Upande mmoja ukiuzidi mwingine sana, wadogo hawapati upenyo, na hapo mataa hushinda. Ni kipi kinafaa Makofia, jibu linaanza na mtu mmoja kivulini, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, ana saa, kalamu na daftari lenye mistari: daladala za Makumbusho, malori, bodaboda, bajaji, baiskeli, wanafunzi wanaovuka. Kila dakika 15 anafungua mstari mpya.