Gazeti la Washona Nguo wa London

Gazeti ulilo nalo mkononi lina watu wengi nyuma yake: yuko aliyeandika, yuko aliyepanga, yuko aliyechapa, tena yuko aliyelibeba hata likafika kijijini kwenu. Leo nataka nikusimulie habari za gazeti moja dogo la maskini, lililochapwa London zamani, na kazi kubwa lililoifanya mwaka 1912.

Mwaka 1881 Kaisari wa Urusi, Alexander wa Pili, aliuawa. Wayahudi wakasingiziwa, wakapigwa na kunyang'anywa mali zao katika miji mingi ya nchi ile. Basi wakakimbia kwa maelfu. Wengi walivuka bahari mpaka Marekani, na wengine walishukia London, wakakaa upande wa mashariki wa mji, mahali paitwapo Whitechapel. Kazi waliyoipata zaidi ilikuwa kushona nguo. Usidhani ilikuwa karakana kubwa yenye madirisha mapana. Kilikuwa chumba tu cha nyumba ya kawaida, vyerehani viwili vitatu, moto wa kupasha pasi, na mvuke umejaa tele. Msimu wa kazi ulipokuja walishona saa 14 kwa siku, pengine zaidi. Msimu ulipokwisha walikaa bure bila senti. Na bwana mwenye chumba mara nyingi alikuwa Myahudi mwenzao, aliyetoka nao nchi moja na kusali nao sinagogi moja. Ni vigumu kumdai haki mtu wa namna hiyo, kwa maana ni ndugu yako.

Kiingereza hawakukijua. Lugha yao ilikuwa Kiyidi, ambayo maneno yake mengi yafanana na Kijerumani, bali huandikwa kwa herufi za Kiebrania, kutoka kuume kwenda kushoto, kama wazee wetu wa pwani walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Wenye elimu waliidharau, wakisema si lugha, ni uchafu wa lugha. Walakini ndiyo iliyosemwa jikoni na kwenye cherehani.

Mwezi wa Julai 1885 mwandishi mmoja, jina lake Morris Winchevsky, pamoja na wenziwe, walitoa gazeti la Kiyidi, wakaliita "Arbeter Fraynd", maana yake Rafiki wa Mfanya Kazi. Kwanza lilitoka mara moja kwa mwezi, mwaka uliofuata likatoka kila juma. Maadui halikukosa. Yasimuliwa kwamba mwaka 1887 mpanga herufi alihongwa. Mahali palipoandikwa kuwasihi wasomaji walieneze gazeti, yeye akapanga herufi zikasomeka: liangamizeni! Kisha mpiga chapa naye akakataa kulichapa. Washona nguo wakachanga, wakanunua mashine yao wenyewe.

Sasa yaja habari ya ajabu. Mtu aliyelifanya gazeti hilo kuwa na nguvu kuliko wote hakuwa Myahudi. Alikuwa Mjerumani, Rudolf Rocker, aliyezaliwa mwaka 1873 katika mji wa Mainz, katika nyumba ya Kikatoliki. Baba yake alikufa yeye angali mdogo, na mama yake akafuata. Akatiwa katika nyumba ya yatima, akatoroka mara mbili, mwisho akajifunza kazi ya kujalidi vitabu. Alipokwisha kujiingiza katika mambo ya siasa alikimbia Ujerumani, akakaa Paris, akafika London mwaka 1895. Huko akawaona washona nguo, akaingiwa na huruma. Mwenzake wa maisha, Milly Witkop, alikuwa msichana Myahudi aliyeshona nguo, akiweka akiba ya fedha ili awalete wazazi wake na dada zake kutoka Urusi.

Rocker hakujua Kiyidi. Alijifunza ukubwani, herufi kwa herufi, na mwaka 1898 akapewa uhariri wa gazeti. Mwaka 1900 fedha zikaisha, gazeti likasimama, likarudi mwaka 1903. Ni haki niseme wazi kwamba Rocker aliiacha imani ya utoto wake, na gazeti lake halikuwa na dini, hayo siyasifu. Lakini wenzake walipofanya ngoma siku ya mfungo mkuu wa Wayahudi, kusudi wawachokoze wanaosali, yeye hakupendezwa.

Mwaka 1912, mwezi wa Aprili, mafundi wa nguo za matajiri, upande wa magharibi wa mji, waligoma. Mabwana wakaipeleka kazi yao kisirisiri katika vyumba vya Whitechapel. Rocker akaandika kwamba aibu hiyo haivumiliki. Tarehe 8 Mei watu 8,000 wakakutana, na kwa siku mbili mafundi 13,000 wakaacha kazi. Gazeti la kila juma likawa la kila siku, maana mwenye njaa ataka kujua leo kumetokea nini, si wiki ijayo. Vyama vya wafanya kazi wengine vikasaidia; waoka mikate wakaleta mikate. Baada ya majuma matatu mabwana wakakubali kupunguza saa za kazi, lakini wakakataa kutambua chama. Mafundi wakakutana usiku wa manane katika Pavilion Theatre, wamekonda kwa njaa, wakapiga kura kuendelea. Asubuhi yake mabwana wakalegea.

Wakati uo huo makuli wa bandari ya London nao walikuwa wamegoma, na mgomo wao ukazidi kurefuka. Wengi wao walikuwa watu wa asili ya Ireland, Wakatoliki, na baina yao na Wayahudi hapakuwa na mapenzi. Waliwaona wageni wenye kushusha mishahara. Rocker na wenzake wakauliza: watoto wa makuli wamekula nini? Ndipo nyumba za washona nguo, zilizokuwa zenyewe zimetoka katika njaa juzi tu, zikafunguliwa. Watoto zaidi ya 300 walipokelewa. Walikuja wamedhoofika, wengine miguu mitupu, na akina mama wa Kiyahudi wakawatafutia viatu na nguo. Makuli walishindwa mgomo wao, lakini watoto walikula.

Vita ilipoanza mwaka 1914 Rocker alifungwa kwa kuwa Mjerumani. Kisha serikali ikalifunga gazeti, na mwaka 1918 yeye akafukuzwa Uingereza. Alikufa Marekani mwaka 1958. Lakini tarehe 4 Oktoba 1936, Mosley alipotaka kuwapitisha wafuasi wake waliovaa mashati meusi katika mitaa ya Wayahudi, watu walijenga vizuizi katika Cable Street, na miongoni mwa waliosimama hapo pamoja na Wayahudi walikuwa makuli wa Kiairishi.