Mama yake alimbeba mgongoni mpaka shuleni



Juma hili tunawaletea habari za mwanamke mwenzetu wa Kongo, Neema Namadamu wa Kivu ya Kusini. Wengi wetu tuna mtoto, dada au jirani mwenye ulemavu, na wengine wetu tunatembea na magongo sisi wenyewe. Safari yake inatuhusu.

Neema ametoka katika milima ya Itombwe, mbali na mji. Alipokuwa na miaka miwili tu, alishikwa na polio na miguu yake ikalemaa. Katika vijiji vingi mtoto wa namna hiyo hubaki nyumbani, na akiwa msichana ndiyo zaidi. Watu husema: karo ya nini, nani atamuoa? Mama yake hakukubali. Alimbeba mgongoni, akampeleka shule na kumrudisha, siku baada ya siku. Neema akasoma mpaka chuo kikuu, akawa mwanamke wa kwanza mwenye ulemavu katika kabila lake kupata diploma ya chuo.

Alianza mapema kutetea haki za watu wenye ulemavu, hata redioni. Baadaye alifika Kinshasa, akawa mshauri wa waziri wa jinsia na familia. Wengi wangesema amefika, atulie. Lakini vita vya mashariki havikuisha, na wanawake wa kwao waliendelea kuumia bila mtu wa kuwasikiliza. Basi akaanza kazi upya, Bukavu.

Mwaka wa 2012 alianzisha kundi la Maman Shujaa. Aliwakusanya wanawake kwenye chumba chenye kompyuta na intaneti. Wengi wao hawakuwa wamewahi kugusa kompyuta. Walijifunza kuandika na kutuma habari za maisha yao wenyewe, kwa maneno yao. Kisha wakaandika barua ya kuiomba serikali ya Marekani itume mjumbe wa pekee kushughulikia amani ya Kongo. Watu zaidi ya 100,000 duniani waliitia sahihi kwa njia ya intaneti, na Neema akaenda mwenyewe Washington kuzungumza na wakubwa. Mwezi wa Juni 2013, Marekani ilimteua Russ Feingold kuwa mjumbe wake katika nchi za Maziwa Makuu. Wengine pia walikuwa wakidai jambo hilo, lakini sauti za wanawake wa Bukavu zilikuwemo.

Tuangalie vizuri alichokifanya. Hakungoja miguu ipone ndipo aanze kazi. Na alipopata nafasi, hakujisemea mwenyewe tu: aliwapa wengine chombo cha kusemea.

Hapa kwetu mambo hayo yanahitajika sana. Kisangani haijasahau vita vya siku sita, tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana mjini. Wako waliopoteza mkono au mguu, na kazi ikapotea pamoja nao. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa hasara za vita vyake nchini mwetu, na kati yake milioni 225 ni kwa ajili ya watu walioumia na waliokufa. Mama aliyeumia wakati ule asiachwe peke yake kufuata karatasi zake. Kama hawezi kupanda toleka au kushuka mpaka kwenye mtumbwi, mwenzake amsindikize.

Sheria pia ipo. Tarehe 3 Mei 2022 nchi yetu ilipata sheria namba 22/003 ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Inakataza kuwabagua, na inatambua haki yao ya kusoma, kutibiwa na kufanya kazi. Mkuu wa shule akimkataa mtoto kwa sababu ya miguu yake, mama ana neno la kumjibu.

Vikundi vyetu vinaweza kuanza na haya:

Kwanza, chanjo. Polio iliyomlemaza Neema haina dawa ya kuiponya, ila chanjo huizuia. Virusi vyake bado vinaonekana nchini mwetu. Wachanjaji wakifika, mtoto asifichwe.

Pili, tuhesabu katika kila mtaa na kijiji watoto wenye ulemavu ambao hawaendi shule, kisha tupange zamu ya kuwapeleka. Mama mmoja huchoka. Mama watano hupokezana.

Tatu, likelemba. Mama mwenye ulemavu anayetaka kushona, kuuza samaki au kukaanga mikate aingizwe katika mzunguko kama wengine, na zamu yake isisukumwe mwisho kwa kudhani atashindwa kulipa.

Nne, mahali pa mkutano. Kama kuna ngazi ndefu au njia ya matope, tuhamie penye uwanja tambarare. Na akifika, tusimpe kiti cha pembeni tu. Tumwulize yeye mwenyewe anataka nini, tuandike jibu lake.

Juma lijalo kila kikundi kilete hesabu ya watoto wake. Tutaisoma pamoja.