Je, Wajua? Jua Nalo Hunywa Maji ya Pangani

Chini ya Milima ya Upare, yenye vijiji kama Ngujini, limetanda Bwawa la Nyumba ya Mungu, katika bonde la Mto Pangani. Lilijengwa miaka ya 1960, mito ya Kikuletwa na Ruvu inapokutana. Likijaa, eneo lake huzidi kilometa za mraba 100.

• Milimita 1 ya maji ikigeuka mvuke kwenye kilometa 1 ya mraba, lita milioni 1 zimepotea. Bwawa la kilometa za mraba 100 likipungua milimita 5 kwa siku ya jua na upepo, lita milioni 500 zimekwenda hewani kabla hazijafika shambani wala kwenye mtambo wa umeme.

• Mvuke hupimwa kwa beseni la chuma lenye kipenyo cha sentimita 121. Beseni hupata joto haraka kuliko bwawa, hivyo kipimo chake huzidishwa kwa takriban 0.7.

• Maji yaliyochotwa si yote yaliyotumika. Yanayorudi mtoni kutoka mashambani huweza kutumiwa tena na walio chini. Yaliyopanda hewani kupitia mimea na udongo hayarudi mtoni.

• Ndiva, mabwawa madogo ya jadi ya Wapare, hujazwa usiku na kufunguliwa mchana. Maji hukaa muda mfupi, tena zaidi usiku, kwa hiyo mvuke huchukua kidogo sana.

Anayegawa maji ya bonde bila kuhesabu fungu la jua, anagawa maji yasiyopo. Tuzitunze ndiva zetu!