Kuandika Upya Programu za Magari Ufukoni mwa Rumonge

Barabara itokayo Bujumbura ikaufuata ufuo wa Ziwa Tanganyika, ikapita Rumonge penye mashamba ya michikichi na kuteremka hata Nyanza-Lac, aghalabu hupitwa na magari yaliyoanza maisha yake Japani, usukani wake mkono wa kulia ilhali sheria ya Burundi ni kushika upande huohuo wa njia. Kila moja limebeba visanduku vya elektroniki, mafundi wakiviita kontrolboksi, vinavyoamrisha kiasi cha petroli, wakati wa cheche na mabadiliko ya gia.

Zamani, aliyetaka kuzibadili amri hizo alilazimika kung'oa chipu na kutia nyingine. Bali tangu Fujio Masuoka wa Toshiba alipoidhihirisha, mwaka 1984, aina ya kumbukumbu ifutikayo na kuandikika upya kwa umeme, kazi hiyo imekuja kufanywa kwa waya uchomekwao chini ya dashibodi. Faida yake si haba. Februari 2014 Toyota iliagiza magari ya Prius yapatayo 1,900,000 duniani yarudishwe gereji, kwa kuwa programu yake iliweza kuvitia joto la kupindukia baadhi ya vipande vya mtambo wa umeme, na dawa ikawa programu mpya.

Lakini gari lililokwisha kuuzwa mara tatu na kuvuka bahari halina wa kuliita; ni juu ya mwenyewe kulitafuta, kwa nambari ya chesisi, katika orodha za kampuni.

Tena kazi yenyewe ina hatari. Muda wote wa kuandika, volti za betri sharti zisitetereke, maana nguvu ikikatika katikati kisanduku hubaki hakina amri kamili za zamani wala za mpya, na gari huenda lisiwake kabisa. Fundi mwenye hadhari huweka kwanza nakala ya programu ya zamani, huzima taa, redio na feni, hufunga chaja ya kudumisha volti, na kwa kuwa umeme wa mji hukatika bila taarifa, huwa na betri ya akiba iliyojaa.

Nami nasema wazi: taa ya injini ikiwaka Rumonge, mara nyingi programu haina kosa. Tangu petroli ilipoadimika nchini, watu hununua ya madumu wasiyoijua asili yake. Na unyevu huotesha kutu katika viungo vya waya. Maradhi hayo hayaponi kwa kompyuta. Basi, msomaji, kabla hujatoa fedha, mwambie fundi akuonyeshe msimbo wa hitilafu, nambari ya programu iliyomo, na ile anayotaka kuitia. Akishindwa, ondoka na gari lako.